Kufufua Datsun 240Z kwa Mbio za Magari ya Zamani

Kufufua gari la zamani kwa ajili ya mbio ni kazi yenye kanuni zake, na hutofautiana na kulifufua kwa ajili ya maonyesho. Gari la maonyesho hukamilika rangi ikishakauka; tangu hapo hulindwa lisichubuke wala kupata vumbi. Gari la mbio hukamilika kwa muda tu. Litagonga jiwe, litapasua paipu, litafunguliwa usiku kando ya barabara na mtu aliyechoka, kisha litatakiwa liendelee. Ndiyo maana kipimo cha kwanza cha ufufuaji wake ni urahisi wa kulifungua na kulifunga tena. Funzo hilo lilijitokeza hatua kwa hatua katika ufufuaji wa Datsun 240Z ya 1971 uliofanyika katika gereji ndogo jijini Nairobi, kwa nia ya kuliingiza gari hilo katika mbio za magari ya zamani za Afrika Mashariki.

Gari na sifa yake

Datsun 240Z ilitambulishwa Japani Oktoba 1969 na ikaanza kuuzwa nje mwaka uliofuata. Ni gari la viti viwili, injini ikiwa mbele na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Injini yake, L24, ina silinda 6 zilizopangwa katika mstari mmoja na ujazo wa sentimita za ujazo 2,393. Kipenyo cha silinda ni milimita 83 na mwendo wa pistoni ni milimita 73.7. Bloku ni ya chuma cha kusubu, hedi ni ya alumini, na kamshafti moja iliyokaa juu ya hedi huzungushwa kwa cheni. Krenki imeshikiliwa na beringi kuu 7, jambo linaloipa injini hii uvumilivu mkubwa. Kila gurudumu lina springi yake inayojitegemea. Breki za mbele ni za diski, za nyuma ni za dramu.

Sifa ya gari hili ilijengwa katika ardhi ya Afrika Mashariki. Mbio za Safari zilianza 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi zilifanyika majira ya Pasaka, msimu ambao mvua huweza kugeuza vumbi kuwa tope kwa saa moja. Ukali wake ulionekana katika idadi ya waliofika mwisho. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalimaliza 7 tena. Katika mbio hizo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 240Z mwaka 1971, huku Shekhar Mehta akishika nafasi ya pili kwa gari la aina hiyohiyo. Mwaka 1973 Mehta na Lofty Drews waliirudisha 240Z kileleni baada ya kulingana pointi na Harry Källström, naye pia akiwa ndani ya Datsun. Mehta alikuja kushinda Safari mara tano kwa jumla, nne kati ya hizo mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982.

Mbio za Safari za magari ya zamani zilianzishwa 2003, mbio za kwanza zilipotimiza miaka 50. Zinarudisha barabarani magari ya aina ileile: Ford Escort, Porsche 911, Peugeot 504, Datsun. Björn Waldegård, aliyeshinda Safari ya 1977 kwa Ford Escort, alishinda mbio za magari ya zamani mwaka 2011 kwa Porsche 911, msoma ramani wake akiwa mwanawe, Mathias. Gari linaloingia katika mashindano hayo haliendi kutembezwa. Hupita njia za changarawe kwa siku kadhaa, na bodi yake ina umri wa miongo mitano.

Kuamua lengo

Uamuzi wa kwanza hufanywa kabla ya spana kushikwa. Mwenye gari huamua litashindana wapi na kwa kanuni zipi, kwa sababu kanuni ndizo zinazosema ni kifaa gani kinaruhusiwa. Kanuni za kimataifa za magari ya kihistoria za FIA, zinazojulikana kama Nyongeza K, hugawa magari kwa vipindi vya kutengenezwa au kushindana. Magari ya kuanzia 1970 hadi mwisho wa 1971 huwekwa kipindi cha G2, na ya 1972 hadi 1975 kipindi cha H1. Gari hupewa pasi ya kiufundi inayoonyesha kwa picha na vipimo kwamba limejengwa kama lilivyokuwa likishindana enzi zake. Waandaaji wa mbio mbalimbali nao huongeza masharti yao.

Katika kazi hii ya Nairobi, kanuni zilisomwa na kuchapishwa, zikabandikwa ukutani juu ya meza ya kazi. Faida yake ilionekana mapema. Zilipatikana injini kubwa zaidi za ukoo uleule wa L, na kishawishi cha kufunga mojawapo kilikuwepo. Ingeongeza nguvu, lakini ingelitoa gari katika kundi lake na kulifanya lisiwe 240Z kwa macho ya wakaguzi. L24 ikabaki. Uamuzi wa namna hiyo ukiachwa hadi gari limeshaunganishwa, gharama yake huongezeka maradufu, kwani kila kifaa hutegemea kingine: injini hutegemea giaboksi, giaboksi hutegemea difu, difu hutegemea ukubwa wa tairi.

Kukagua na kuvunja

Adui mkuu wa 240Z ni kutu. Bati lake ni jembamba, na bodi yake imeundwa ikiwa na mifuko mingi inayohifadhi maji. Sehemu za kuangaliwa zinajulikana: chini ya betri, ambako asidi hutiririka hadi kwenye reli ya chesisi, sakafu pande zote mbili, kingo za chini ya milango, matao ya magurudumu ya nyuma, na mlango wa nyuma pamoja na bati linaloupokea. Gari hili liliishi miaka mingi Mombasa kabla ya kupandishwa bara, na hewa ya chumvi ilikuwa imefanya kazi yake kutoka ndani kuelekea nje.

Ukaguzi wa kweli hufanywa kwa sumaku na bisibisi, macho hayatoshi. Sumaku hushika bati na huanguka penye puti. Ilipopitishwa kwenye kingo za chini ya milango ya gari hili, ilianguka karibu kila mahali. Puti ilipobanduliwa, nyuma yake ulikutwa wavu wa waya uliozibia matundu, na nyuma ya wavu hakukuwa na chuma. Ukarabati wa aina hiyo hulifanya gari lipendeze kwa mnunuzi, lakini kingo hizo ndizo zinazobeba bodi isijipinde. Gari la mbio lisilo na kingo imara hujipinda kila linapotua baada ya kuruka, na milango yake hukataa kufunga.

Kuvunja gari ni kazi ya kuandika kuliko ya kufungua. Kila kifaa kilipigwa picha kikiwa mahali pake, kisha kikatolewa na kutiwa kwenye mfuko pamoja na bolti zake, na mfuko ukaandikwa jina la kifaa na upande kilikotoka. Hakuna kilichotupwa. Hata bati lililooza na mabano yaliyokatika yaliwekwa hadi badala yake ilipokwisha kufungwa na kujaribiwa. Wahenga walisema akiba haiozi, na katika ufufuaji hata kilichooza huwa akiba, kwa kuwa ndicho kielelezo pekee cha umbo na vipimo. Bano moja la kushikilia giaboksi, ambalo spea yake haikupatikana madukani Barabara ya Kirinyaga, lilitengenezwa upya na mafundi wa jua kali wa Kariobangi kwa kufuata vipande viwili vya lile la zamani vilivyounganishwa kwa waya.

Kifaa kilichofundisha zaidi katika hatua hii ni pini ndefu ya chuma inayounganisha mkono wa chini wa nyuma na kitovu cha gurudumu. Katika 240Z pini hiyo hupita ndani ya bushi mbili na hufungiwa katikati kwa bolti yenye mchongoko. Maji yakiingia, pini na nyumba yake huota kutu na kuwa kitu kimoja. Mafuta ya kulainisha yalimiminwa, moto ukapashwa, mashine ya kusukuma ikatumika, na mwisho pini zilikatwa kwa msumeno. Kazi iliyopaswa kuchukua muda mfupi ilichukua siku. Pini mpya zilipofungwa zilipakwa grisi ya kuzuia kutu tangu mwanzo hadi mwisho, na ikaandikwa daftarini kwamba zitolewe na kupakwa tena kila baada ya mbio. Kutoka hapo kanuni ikawekwa kwa gari zima: hakuna bolti itakayorudishwa kavu.

Bodi

Bodi hutangulia injini, rangi na kila kitu kingine. Kabla ya kukata sakafu iliyooza, mabomba ya chuma huchomelewa kwa muda kuvuka uwazi wa milango ili bodi isifunguke. Vipimo huchukuliwa kutoka tundu hadi tundu, kulia na kushoto, kwa mshazari, na hulinganishwa na vile vya kitabu cha kiwanda. Sakafu hukatwa upande mmoja, hujengwa, hupimwa, ndipo upande wa pili uguswe. Anayekata pande zote mbili kwa pamoja hupoteza rejea yake yote.

Kuondoa rangi ya zamani kunahitaji busara. Kupiga mchanga husafisha haraka, lakini msukumo wake hutanua na kupindisha mabati mapana kama boneti, paa na milango. Katika gari hili mchanga ulitumika kwenye reli, mikono ya springi na sehemu nene tu. Mabati mapana yalisafishwa kwa dawa ya kubandua rangi na msasa wa mkono.

Kiwandani bodi iliunganishwa kwa nukta za kulehemu zilizoachana. Kwa matumizi ya mjini zinatosha. Kwenye changarawe yenye mawimbi nukta hizo hulegea moja baada ya nyingine, na bodi huanza kunyong'onyea. Timu za rali za miaka ya 1970 zilishonea viungo hivyo upya, na njia hiyo ndiyo inayofuatwa hadi leo: mshono mfupi wa sentimita mbili au tatu, nafasi, kisha mshono mwingine, fundi akihama upande huu na ule ili joto lisikusanyike na kupinda bati. Minara ya springi za mbele na za nyuma iliongezwa bamba. Mahali jeki inapowekwa paliimarishwa pia, kwa sababu gurudumu hubadilishwa kwa haraka na mara nyingi kwenye ardhi laini.

Kizimba cha mabomba kinachowalinda watu ndani ya gari kina masharti yasiyojadiliwa. Kanuni za FIA hutaka bomba la chuma lisilo na mshono, lililovutwa baridi. Tao kuu liwe na kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au kipenyo cha 50 na unene wa 2. Miguu yake hukaa juu ya bamba lililochomelewa kwenye bodi. Kizimba kilichofungwa juu ya sakafu iliyooza hakina maana, kwa hiyo usalama wa dereva huanza kule kwenye kingo za milango.

Baada ya kulehemu, ndani ya reli na kingo hunyunyiziwa nta ya kuzuia kutu kupitia matundu yenye vizibo vya mpira. Vizibo hivyo huachwa vikiweza kutolewa. Nta huongezwa kila baada ya msimu wa mvua.

Injini

L24 ni injini mvumilivu, na sababu kubwa ya kuharibika kwake ni joto kupita kiasi. Alumini ya hedi hutanuka kuliko chuma cha bloku, na rejeta ikikauka hedi hupinda. Hedi ya gari hili ilipimwa kwa rula ya chuma na fila, ikaonekana imepinda, ikapelekwa kuchongwa iwe sawa. Hapo pana jambo ambalo mafundi wengi huliruka. Injini yenye kamshafti juu ikichongwa hedi, kamshafti husogea karibu na krenki. Cheni hulegea na valvu hufunguka kwa kuchelewa. Tiba yake ni kuinua minara ya kamshafti kwa vipande vyembamba vya bati vyenye unene uleule uliochongwa. Kiwanda chenyewe kiliweka matundu matatu yenye namba kwenye gia ya kamshafti ili muda wa valvu urekebishwe cheni inaporefuka kwa kuchakaa; fundi anayeyajua huokoa cheni isitupwe kabla ya wakati wake.

Krenki, fimbo za pistoni na flaiwili zilipelekwa kusawazishwa uzito. Historia inaeleza kwa nini. Timu ya BRE ya Peter Brock huko Marekani, iliyoshindana kwa 240Z na ambayo John Morton aliiletea ubingwa wa taifa wa daraja la C la magari ya kawaida katika chama cha SCCA mwaka 1970 na 1971, ilisumbuliwa mwanzoni na mtetemo wa krenki kwenye mizunguko ya juu. Injini ndefu ya silinda 6 huwa na krenki ndefu, na krenki ndefu hujisokota. Kwa rali, ambako injini hufanya kazi saa nyingi kwa mizunguko ya kati, usawazishaji hulinda beringi na bolti za flaiwili.

Nguvu ya ziada haikutafutwa. Mgandamizo uliachwa karibu na wa kiwanda, kwa kuwa petroli ya vituo vya mbali haina ubora wa uhakika, na injini yenye mgandamizo mkubwa ikilishwa petroli dhaifu hugonga na kutoboa pistoni. Kipaumbele kilipewa upoozaji: rejeta yenye safu nyingi, feni imara, na mipira yote ya maji mipya. Mipira ya akiba ilikatwa kwa kipimo na kufungwa ndani ya gari ikiwa na klipu zake.

Kabureta mbili za Hitachi, zilizotengenezwa kwa mfano wa SU wa Uingereza, zilihitaji uangalifu wa pekee kwa sababu ya jiografia. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480, na barabara hupanda kutoka usawa wa bahari hadi takriban mita 1,700. Shinikizo la hewa Nairobi ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko la pwani. Kabureta iliyopangwa Mombasa huleta petroli nyingi kupita hewa inapofika Nairobi, plagi huwa nyeusi na injini hukosa pumzi. Iliyopangwa Nairobi huwa kavu pwani, na mchanganyiko mkavu huleta joto la hatari kwenye valvu. Katika gari hili mpangilio ulichaguliwa kwa usalama wa pwani, na kwa kila kiasi cha mita za kupanda zikaandikwa robo za mzunguko wa nati ya kabureta zinazotakiwa, ili msoma ramani aweze kurekebisha mwenyewe kituoni. Plagi zilisomwa rangi zake baada ya kila safari ya majaribio. Kahawia ya udongo ndiyo rangi inayotakiwa.

Vumbi jekundu la Tsavo na Taita ni laini kama unga, na huua injini kimyakimya kwa kusaga ringi na kuta za silinda. Sanduku la filta lilizibwa viungo vyote, na filta ya sponji yenye mafuta ikachaguliwa kwa sababu huoshwa na kutumika tena barabarani.

Springi, difu na magurudumu

Barabara za Safari hazihitaji gari gumu. Zinahitaji gari lenye mwendo mrefu wa springi na shokomzoba zinazostahimili joto. Katika mawimbi ya changarawe shokomzoba husukumwa mamia ya mara kwa dakika, mafuta yake huchemka na gari huanza kudunda. Mirija ya springi za mbele iliongezwa bamba chini, mahali inapokutana na kitovu, kwa kuwa hapo ndipo hupinda. Gari liliinuliwa, ila kwa kiasi, maana likiinuliwa mno viungo vya shafti za pembeni hufanya kazi kwa pembe kali na huvunjika.

Suala la pembe hizo lina historia yake katika 240Z. Katika magari ya mwanzo difu ilikaa mbele kidogo ya mstari wa magurudumu, hivyo shafti za pembeni zilielekea nyuma kwa mshazari. Katikati ya 1971 kiwanda kiliirudisha difu nyuma kwa milimita 35 ili shafti zinyooke. Ufufuaji wa gari la mwaka huo lazima uanze kwa kujua ni la kabla au la baada ya badiliko hilo, kwani mabano yake hutofautiana. Gari la Nairobi lilikuwa la mwanzo. Vifaa vya mpangilio wa baadaye vilifungwa, viungo vya shafti vikapakwa grisi upya, na shafti nzima ya akiba ikawekwa ndani ya gari.

Chini ya injini iliwekwa kinga ya sampu ya alumini nene. Ilichorwa ikiwa na tundu la kumwagia oili na bolti chache zenye kichwa cha ukubwa mmoja, ili mtu aliyelala matopeni aifungue kwa spana moja. Fundi mzee aliyewahi kuhudumia magari ya Safari katika miaka ya 1970 alipitia gari zima akihesabu ukubwa wa spana zinazohitajika kwa kazi za njiani, na kwa ushauri wake bolti nyingi zilibadilishwa zilingane. Mabadiliko hayo hayaonekani kwenye picha yoyote, lakini ndiyo yaliyopunguza zaidi muda wa matengenezo.

Umeme, petroli na breki

Nyaya za miaka 50 huwa na mipira iliyokauka inayopasuka ikikunjwa. Ziliondolewa zote na fungu jipya la nyaya likatengenezwa, kila waya ukiwa na rangi ya mchoro wa kiwanda na namba katika ncha zote mbili. 240Z ina udhaifu unaojulikana: umeme wote wa taa kubwa hupita ndani ya swichi ya usukani, ambayo huungua miguso yake. Rilei zilifungwa ili swichi ibebe mkondo mdogo tu. Kwa gari litakalobeba taa za ziada za usiku, hatua hiyo ni ya lazima. Sanduku la fyuzi lilihamishiwa mahali msoma ramani anapofikia bila kufungua mkanda.

Tangi la petroli lilifunguliwa, likaoshwa kutu na kupakwa dawa ndani. Mabomba ya petroli na ya breki yaliyopita chini ya sakafu yaliingizwa ndani ya bodi, mbali na mawe. Mipira yote ilibadilishwa hata ile iliyoonekana nzima, kwa kuwa mpira wa zamani huoza kutoka ndani na vipande vyake huziba kabureta. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu hushusha kiwango cha kuchemka. Mteremko mrefu unatosha kuyachemsha na kumwachia dereva pedali laini. Yakawekewa ratiba ya kubadilishwa kabla ya kila mbio.

Mikanda ya usalama hairuhusiwi kuwa ya enzi za gari. Hutakiwa mipya, yenye lebo ya FIA, na uhai wake una kikomo. Hapa uhalisi huupisha uhai wa binadamu, na hakuna mfufuaji makini anayelalamika.

Majaribio

Gari lililounganishwa upya lina makosa ambayo hayajaonekana, na majaribio huyatafuta kwa utaratibu. Safari ya kwanza ilikuwa fupi, kwenye lami, mwendo wa pole, kisha hedi ikakazwa upya injini ikiwa baridi. Safari zilizofuata ziliongezwa urefu, hatimaye zikaelekea njia za changarawe za Kajiado. Kila bolti muhimu ilipigwa mstari wa rangi kuanzia kichwani hadi kwenye bati. Mstari ukikatika, bolti imezunguka, na jicho huliona hilo kwa tochi katika sekunde chache.

Mawimbi ya changarawe yalidhihirisha yaliyofichika. Bano la altaneta lilipasuka kwenye kona kali ya umbo lake. Jipya lilitengenezwa likiwa na kona ya mviringo. Ekzosi ilikata mpira wake wa kuning'inia, ikafungwa kwa mnyororo mfupi wa akiba kando ya mpira. Vumbi liliingia kupitia mlango wa nyuma, likaonyesha mpira wa kuziba uliokaa vibaya. Kila tatizo liliandikwa kwa tarehe, kilomita, chanzo na dawa. Yaliyoharibika zaidi ya mara moja yaliongezwa kwenye orodha ya spea za kubeba, na yaliyokaa imara yakaondolewa humo, kwa kuwa uzito wa spea nao huvunja springi.

Msoma ramani na dereva walifanya mazoezi ya kazi tano bila msaada wa fundi: kubadilisha gurudumu, shafti ya pembeni, mpira wa rejeta, mkanda wa feni na fimbo ya pedali ya mafuta. Kazi iliyowashinda ilirudishwa gereji na kifaa kikapangwa upya hadi ikawezekana.

Uhalisi na kumbukumbu za gari

Swali la ni kiasi gani cha gari la zamani kinaweza kubadilishwa kabla halijawa gari jingine huzuka katika kila ufufuaji. Jibu linalokubalika kwa wengi katika fani hii ni kuhifadhi bodi yenye namba ya kiwanda, injini ya aina yake, na ushahidi wa kila badiliko. Bati jipya si aibu likiwa limeandikwa. Linalolishushia gari heshima na thamani ni kudai historia lisiyokuwa nayo: kupaka 240Z ya kawaida rangi za gari la kiwanda na kuliuza kama lililoshindana. Gari la Nairobi halikuwahi kuwa la timu, na daftari lake linasema hivyo ukurasa wa kwanza.

Daftari hilo lina picha za kabla na baada, risiti, vipimo vya bodi, mpangilio wa kabureta kwa kila mwinuko, mchoro wa nyaya na orodha ya matatizo. Lina thamani ya matumizi kwanza: fundi mgeni aliyelipata mkononi anaweza kulifungua gari bila kubahatisha. Pia linahifadhi ujuzi. Mafundi wa Afrika Mashariki waliohudumia magari ya Safari walijua mambo mengi ambayo hayakuandikwa popote, na wanapostaafu ujuzi huo hupotea. Kila ufufuaji unaowashirikisha na kuandika wanachosema huurudisha kwa vijana wanaojifunza kazi hiyo sasa, na vijana wawili waliosaidia katika gari hili waliondoka wakijua kupanga kabureta kwa sikio na plagi, ujuzi ambao magari ya leo yenye kompyuta hayaufundishi.

Kuhusu gharama, uzoefu unaonyesha mpangilio mmoja unaofaa: fedha za bodi na usalama zitengwe kwanza, za injini na springi zifuate, za rangi na mapambo ziwe za mwisho. Miradi mingi hukwama kwa kupinduliwa mpangilio huo, gari likibaki na injini inayong'aa juu ya reli zilizooza. Spea adimu hununuliwa mapema, hata kama zamu yake bado, kwa sababu kusubiri kifaa kimoja huweza kusimamisha gereji nzima.

Kazi hurudi mwanzo baada ya mbio. Gari huoshwa chini kwa maji mengi ili tope lisikae mifukoni, kinga ya sampu hushushwa, pini za nyuma hutolewa na kupakwa grisi, mistari ya rangi kwenye bolti hukaguliwa, mishono ya bodi huangaliwa kwa tochi kutafuta nyufa, oili ya injini na ya difu hubadilishwa na chuma kilichomo huchunguzwa. Matokeo huandikwa, vilivyochakaa huagizwa, na vilivyofunguka kwa shida hupangwa upya kabla ya mashindano yanayofuata.